Indiketa ya Kulia

Mwikali hakuandika. Alituma sauti yake, sekunde ishirini hivi, nami niliisikiliza nikiwa nimekaa kwenye gari nje ya duka la dawa ninalolifanyia kazi hapa Bukavu, nikingoja makatoni yapakuliwe. "Furaha, mzee alituacha jana asubuhi, hapa Kambu. Tutamzika Jumamosi, nyumbani Matinyani. Sikulazimishi kuja. Nimeona tu ujue." Kabla sauti haijakatika, nyuma yake lilipita lori, likinguruma kwa ile gia ya chini ya lori lililobeba mzigo na kuanza kupanda. Niliirudia sauti ile mara tatu, na kila mara nilikuwa nalingojea lori. Ndilo lililonitoa machozi. Maneno ya Mwikali yalikuwa bado hayajaniingia.

Nina miaka arobaini sasa, na karibu nusu yake nimeipitisha nyuma ya usukani. Watu wakisikia kwamba mwaka mmoja niliendesha Kenya, huuliza swali lilelile: si ni vigumu kuendesha upande wa kushoto? Huwa najibu kwamba baada ya wiki mbili unazoea, na ni kweli, mikono huzoea. Lakini kuna kitu ndani ya mtu ambacho hakizoei. Hulala tu. Mwaka ule wa Kitui ndio ulionionyesha kinapolala, na aliyeumia kwa kuonyeshwa huko hakuwa mimi. Nimekisimulia kisa hiki mezani mara nyingi, nikiwachekesha watu na habari za mchanga na malori, na kila mara nimekikatiza kabla ya kufika pale panapouma. Hata kuchekesha kunachosha.

Jinsi nilivyofika Matinyani, kule Kitui, ni habari ndefu ya kanisa la huku na kanisa la kule, na siirudii. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nililetwa nimpikie na kumfulia mzee mmoja mjane aliyekuwa akipoteza macho, kwa sababu binti yake, Mwikali, alikuwa mwalimu katika mji wa Wote na hakuweza kuja nyumbani ila mwisho wa wiki. Siku ya kwanza aliniuliza kama najua pia kuendesha gari. Aliuliza huku anacheka kidogo, kama mtu anayeuliza kama unajua pia kuimba. Nikasema najua. Mzee, ambaye muda wote alikuwa amekaa kimya kwenye kiti chake, akageuza kichwa.

"Unaendesha nini?"

"Chochote chenye magurudumu, papa."

"Papa yuko Roma. Mimi naitwa Nzioka, na sisi hapa ni watu wa kanisa lingine."

Sebule ile naiona hata sasa nikifumba macho. Kuta zilipakwa rangi ya kijani kutoka chini hadi kiunoni, na nyeupe kutoka kiunoni kwenda juu; nyeupe ilikuwa imeshageuka rangi ya chai. Makochi yalivalishwa vitambaa vya kufuma, kazi ya marehemu mkewe, na hakuna aliyeruhusiwa kuvifua isipokuwa Mwikali. Kando ya mlango, mahali ambapo watu wengine hutundika kalenda, mzee alikuwa amegongomea kioo cha pembeni cha lori, kirefu, chenye ufa mmoja chini. Alikuwa ameendesha malori kati ya Mombasa na mpaka wa Uganda kwa miaka thelathini, na kioo kile ndicho alichonyolea ndevu kila asubuhi, akikisogelea mpaka pua ikaribie kugusa. Sukari ilikuwa imekwisha kulichukua jicho moja. Lililobaki, alisema, lilikuwa kama dirisha la jikoni wakati wa kupika. Kulikuwa na kliniki ya macho ng'ambo kidogo ya Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, ambako daktari alikuja mara moja kwa mwezi na kumdunga sindano iliyozuia damu isivuje ndani ya jicho. Kazi yangu halisi, niligundua baada ya siku chache, haikuwa kupika. Ilikuwa kulifikisha jicho lile Kambu kila mwezi.

Nilimuuliza siku moja, tukichambua ndengu, ni kitu gani anachotaka zaidi kuendelea kukiona. Nilidhani angemtaja Mwikali. "Sura nazijua," alisema. "Sura ukizijua umezijua. Nataka kuona barabara." Akaokota jiwe dogo katikati ya ndengu, kwa kidole tu, bila kuangalia, akalitupa mlangoni.

Alinifundisha barabara ya Kenya kwa sahani ya muthokoi. Tulikuwa tunakula, akachukua kijiko akachora njia katikati ya yale mahindi yaliyokobolewa, akaweka haragwe moja upande huu na jingine upande ule. "Wewe ni hili. Huyo anakuja ni huyu. Mnapishana hivi." Haragwe langu likapita kushoto. "Ukisahau, ni hivi." Akayaponda yote mawili, akayala. Nilimweleza kwamba usukani haungenisumbua. Kwetu magari mengi yananunuliwa yakiwa yametumika, yanakuja na usukani upande wa kulia kama ya Kenya, ila sisi twaendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva wa Bukavu hukaa upande wa mtaro. Ukiwa nyuma ya lori huoni kitu zaidi ya mgongo wake, kwa hiyo anayekaa kushoto ndiye anayechungulia na kukwambia upite au ungoje. Na kama uko peke yako, lori lenyewe hukusaidia: kwa taa moja linakuzuia, kwa nyingine linakupa njia. Mzee alitikisa kichwa kwa huruma. "Kwa hivyo nyinyi mnaendesha kwa kuuliza," alisema. Nilisema ndiyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kitu cha ajabu katika jibu hilo, na kwa miaka mingi nimekuwa nikirudi kwenye sahani ile, nikitafuta mahali ambapo tungeweza kusema neno moja zaidi.

Safari ya kliniki ilianza alfajiri. Zamani hizo hakukuwa na lami kutoka Kitui hadi Kibwezi. Palikuwa na murami, changarawe nyekundu iliyoingia vumbi lake mpaka ndani ya meno. Tulipita Mutomo, tukapita Ikutha, tukavuka mito ya mchanga ambayo mimi, mtu wa ziwa na mvua, niliiona kama mzaha wa Mungu. Mto bila maji. Mzee hakuwa akiona mchanga, lakini alijua tumefika kwa jinsi pikapu yake ya zamani ilivyobadilisha mlio. "Unaona nini?" angeuliza. Ningesema naona mchanga. "Mchanga wa rangi gani? Kuna alama za magurudumu? Zimezama ama ziko juu?" Nami ningeshuka, nitembee mpaka ng'ambo kwa miguu, nirudi nimwambie, ndipo tuvuke, polepole, bila kukanyaga breki. Alinifundisha pia kwamba majani ya mti yaliyokatwa na kuwekwa barabarani maana yake kuna gari limeharibika mbele. Alinifundisha kupiga honi kabla ya kona, na kutomwamini punda. Alinifundisha kila kitu ambacho yeye mwenyewe aliwahi kufundishwa. Lakini yako mambo ambayo hakuna aliyemfundisha, aliyajua tu kwa kukaa barabarani, kama mtoto anavyojua mlango wa kwao, na hayo hakukumbuka kuyasema.

Kutoka Kibwezi tulikuwa tunaingia barabara kuu ya Mombasa, na hapo mzee alikuwa akibadilika. Alikaa wima. Alifungua dirisha ili asikie. Lori lilipopishana nasi alitaja aina yake na kama limebeba ama ni tupu, na mara nyingi alipatia. Pikapu yetu ilikuwa kuukuu na nzito kupanda, basi tulijikuta nyuma ya malori ya saruji na ya makontena kwa kilomita nyingi, tukivuta moshi wao. Kila lililotutangulia, mzee aliuliza neno lilelile: "Anasema nini?" Alimaanisha dereva wa lori. Nami nilitazama, nikaona taa ya kushoto inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, nikamjibu kwa uhakika wa mtu wa Bukavu.

"Anakataa, mzee."

"Bado anakataa?"

"Anakataa kabisa."

Alitikisa kichwa. "Malori ya siku hizi yana roho mbaya," alisema. "Sisi tulikuwa tunapisha watu."

Miezi saba. Kwa miezi saba nilikaa nyuma ya malori yaliyokuwa yakinipisha, na nyuma yangu magari mengine yakitupita sote kwa hasira, nami nikawaona kuwa wehu. Mahali hapa ndipo watu mezani hucheka sana, nami hucheka nao.

Kambu tulisimama kila mara kwenye hoteli ya Kalunde, mwanamke mpana wa kauli kavu, ambaye chai yake ilikuwa na maziwa mengi na tangawizi kali. Meza zilikuwa tatu, na ile ya dirishani ilikuwa ya madereva. Walimjua mzee wote, hata vijana. Nakumbuka harufu ya chapati na dizeli, na sauti zao zikikatizana kuhusu mizani na matairi, na yeye amekaa katikati yao na kikombe chake, akigeuza uso kule sauti inakotoka, akijifanya anaona.

"Nzioka, kumbe siku hizi unaendeshwa?"

"Naendeshwa kama mbunge."

"Na huyo dereva wako anajua gari iko na gia ngapi?"

"Anajua. Ile ya tano ndiyo hajawahi kuiona."

Walicheka, nami nikainamia chapati yangu. Kalunde alinigusa bega akipita. "Usiwasikize. Hawa wote wangekuwa na mtu wa kuwaendesha hivyo wangekuwa wamenyamaza." Kisha mmoja wao akasema, akinitazama, kwamba alikuwa nyuma yetu mwezi uliopita hapo Kibwezi, na kwamba lori la mbele lilikuwa limetupa njia mpaka likachoka. Nilidhani ananitania. Mzee pia alidhani ananitania. Tulilipa chai, tukaondoka.

Mwezi wa nane wa kukaa kwangu, mvua zilikuwa zimeanza. Tulipofika kwenye mto ulio kabla ya Ikutha tulikuta mchanga haupo. Palikuwa na maji ya rangi ya kakao yakipita na matawi juu yake. Tulikaa ukingoni zaidi ya saa mbili. Mzee alikuwa ameshika chupa ya uji mapajani, bila kuinywa. Daktari alikuwa akiondoka kliniki saa sita, na mwezi uliotangulia alikuwa ameonya kwamba jicho limeanza kuchelewa kupona kati ya sindano na sindano. "Ni saa ngapi?" aliniuliza mzee. Nikamwambia. Baada ya muda mfupi akauliza tena. Sijawahi kumsikia akilalamika, na siku hiyo pia hakulalamika. Aliuliza saa tu, mara kumi, labda kumi na tano, kwa sauti ileile, mpaka nikatamani anipigie kelele.

Maji yalipungua tukavuka. Tulipotoka Kibwezi ilikuwa imebaki nusu saa na kidogo. Mbele yetu lilikuwa lori la saruji, turubai la bluu, likipanda mwinuko polepole kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Upande wa kulia kulikuwa na shamba la mkonge, mistari mirefu iliyonyooka. Nakumbuka mistari ile vizuri kuliko nikumbukavyo nyuso za watu wengi. Mzee aliinamia mbele.

"Anasema nini?"

Nilitazama. Taa ya kulia ilikuwa inawaka na kuzima. Kwa miezi minane sikuwahi kuingojea taa nyingine kwa hamu kama ile.

"Anatuita, mzee. Anatupa njia."

"Basi twende."

Ningeweza kutazama mwenyewe. Hilo ndilo nililolala nalo miaka yote hii. Usukani wa kulia kwenye barabara ya kushoto unakuweka katikati ya njia. Ungeinama inchi chache tu ungeona kilichoko mbele. Lakini macho yangu hayakuwa na desturi hiyo. Yalikuwa yamefundishwa kuuliza, na nilikuwa nimeuliza lori, na mzee alikuwa ameniuliza mimi. Tukatoka wawili, yeye akiamini macho yangu, mimi nikiamini ya dereva wa lori.

Basi la abiria lilitokea juu ya mwinuko likiwa limejaza upande wote niliouchukua. Lilipiga honi moja isiyokatika. Mkenya yeyote, naamini, angejitupa kushoto, kwa kuwa kushoto ndiko kwake, na kushoto siku hiyo kulikuwa na lori. Mimi mwili wangu ulikimbilia nyumbani. Ulikimbilia kulia. Pikapu ilitoka barabarani, ikaruka mtaro, ikaingia kwenye mkonge, na basi likapita kati yetu na lori kwa upepo uliofunga kifuniko cha kisanduku cha dashibodi ambacho kilikuwa hakijawahi kufungika. Kisha uji ukasikika ukidondoka mahali fulani, tone, tone.

"Kongo," mzee aliita. Ndivyo alivyoniita tangu wiki ya kwanza. "Uko?"

"Niko."

"Basi liko?"

"Limepita."

"Wako sawa?"

"Wamepita, mzee. Wako sawa."

Alikuwa amejigonga juu ya lile jicho lililobaki, kwenye fremu ya mlango. Damu kidogo, mstari mwembamba. Alijipangusa na kiganja. "Kuna vumbi jingi humu," alisema. Niliangalia. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Hakukuwa na vumbi.

Dereva wa lori alikuja akikimbia huku ameshika kofia yake. Alikuwa mtu wa makamo, jasho tupu. Alifika dirishani kwangu na kwa muda alipumua tu. "Madam," alisema. "Madam. Si nimekuwashia kulia?"

"Ndiyo, uliwasha kulia."

"Kulia ni ngoja. Kuna kitu inakuja. Kushoto ndiyo pita. Hata mtoto wa Kambu anajua hiyo. Wewe umetoka wapi?"

"Kongo."

Alinitazama, akamtazama mzee aliyekuwa ameshika paji la uso, akashusha kofia. "Aiya," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuta ajali ambayo hana wa kumlaumu. Mzee alikuwa amesikia kila neno. Alikaa akielekeza uso mbele, kuelekea mkonge, na midomo yake ikasogea kidogo. Nadhani alikuwa akihesabu: yale malori yote ya miezi saba, yenye roho mbaya.

Dereva yule alitupakia kwenye lori lake mpaka kliniki. Daktari alikuwa anafunga mkoba, akaufungua tena. Alimulika jicho kwa muda mrefu, akalisogelea, akarudi nyuma, akakaa. Alisema damu imemwagika ndani, na kwamba angefanya awezalo. Nilikuwa nimeshauguza watu nyumbani, nikajua maana ya daktari kukaa.

Mwikali alifika kutoka Wote alasiri. Korido ya kliniki ilikuwa na sakafu ya saruji nyekundu iliyopigwa nta, na benchi moja, na tulikuwa tumekaa hapo mzee nami, kichwa chake kimefungwa bandeji mpaka kwenye mashavu. Mwikali alisimama mbele yetu bila kumsalimia yeyote.

"Nani aliamua kupita lori kwenye mlima?"

Nilifungua mdomo. Mzee alikuwa ameshanitangulia. "Mimi ndiye nilisema twende," alisema. "Nilikuwa naharakishia sindano. Huyu msichana anaendesha vile anaambiwa."

"Baba, wewe huoni."

"Ndiyo maana nasema ni mimi."

Hakuwa amesema uongo. Alikuwa ameyasema maneno yale, mimi niliyasikia, *basi twende*. Alikuwa ameacha tu kile kilichotangulia. Mkono wake ulikuwa kwenye benchi, kati yetu, na aliugonga mara mbili kwa kidole, polepole, kama mtu anayemwambia dereva asonge mbele. Nami nikatazama sakafu ile nyekundu, nikanyamaza. Nilihitaji kazi, nilikuwa nchi ya watu, nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nimejipa sababu hizi mara nyingi na kila moja ni ya kweli. Mwikali alimtazama baba yake kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kabla, halafu akaenda kuzungumza na daktari.

Lile jicho lilizimika taratibu, kwa wiki sita hivi. Kila asubuhi alikwenda kwenye kioo cha lori kama kawaida na kunyoa, na siku moja nikaona amesimama mbele yake akinyoa na amekigeuzia uso upande. Hakunilaumu hata mara moja. Kitu kimoja tu kilibadilika kati yetu. Tukiwa tumekaa uani, au tunakwenda sokoni Tulia kununua mtama wa kuku, aliuliza ninaona nini, na nikimjibu kwamba naona mama aliyekasirika, alinikatiza. "Hapana. Niambie unachoona. Maana yake nitaitafuta mwenyewe." Basi nikajifunza kusema: mama amesimama, amekunja leso mkononi, hatazami upande wetu. Lilikuwa somo gumu kuliko mchanga. Mwaka ulipokwisha nilirudi Bukavu. Mwikali alinisindikiza stendi, akaniambia asante kwa kumvumilia baba yake, na nilipanda basi nikiwa na asante hiyo begani kama mzigo wa mtu mwingine uliowekwa kwangu kimakosa.

Nilifika Kambu Ijumaa jioni, miaka kumi na mitano baadaye. Zamani Mwikali alikuwa amehamia shule ya hapo, kwa sababu mzee, baada ya kupofuka kabisa, alikataa kukaa Matinyani. Alitaka kuishi mahali anaposikia malori. Alipangishwa chumba nyuma ya hoteli ya Kalunde, na ndimo alimofia. Kalunde, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alinifungulia. Kitanda, kiti, redio, koti kwenye msumari. Na ukutani, kile kioo cha lori, kimegongomewa kwenye urefu wa uso wa mtu aliyesimama, kimefutwa vizuri. "Kila Jumamosi alikuwa anakipangusa," Kalunde alisema. "Mimi nilikuwa namuuliza, Nzioka, unajipangusia nani? Ananiambia ya nyuma lazima ionekane." Akanipa chai. Ilikuwa na tangawizi ileile. Nilishindwa kuimaliza.

Asubuhi Mwikali aliniwekea funguo mkononi. Mvi zilikuwa zimemwingia, na alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala siku nne. "Pikapu bado inatembea," alisema. "Na mimi leo siwezi kushika usukani. Endesha wewe." Ile mikwaruzo ya mkonge bado ilikuwa kwenye ubavu wa kulia, imepigwa rangi juu, lakini ukipitisha kidole unaihisi. Gari la kubeba maiti lilitangulia na pasta ndani yake, sisi tukafuata, yeye kushoto, mahali pa baba yake, na picha ya mzee yenye fremu mapajani.

Kabla ya Kibwezi barabara ilianza kupanda, na upande wa mkono wa kushoto sasa, kwa kuwa tulikuwa tunarudi, nikauona mkonge. Mistari ilikuwa ileile. Mbele ya gari la maiti palikuwa na lori la makontena. Lori likawasha kushoto, gari la maiti likatoka, likapita, likatokomea juu ya mwinuko. Tukabaki sisi nyuma ya lori.

"Tutaachwa," Mwikali alisema.

"Hawawezi kuanza bila wewe." Kisha nikasema, kwa sababu mkonge ulikuwa pale, na kwa sababu sikuwa na nguvu tena ya kuubeba kupita mahali pale: "Mwikali, ile siku. Lori liliwasha kulia."

"Furaha, acha. Mzee alishaniambia. Yeye ndiye alisema mwende."

"Alisema twende kwa sababu aliniuliza lori linasema nini, nikamwambia linatuita. Liliwasha kulia, na kwetu kulia ni pita. Sikumwambia nilichoona. Nilimwambia nilichofikiri. Alijua, dereva wa lori alisema mbele yake. Halafu pale kwa benchi alinitangulia, na mimi nikamwacha."

Alikuwa ameishika fremu kwa mikono miwili. Tulikwenda labda kilomita nzima nyuma ya kontena lile, kwa gia ya pili, na nilisikia pumzi yake ikipanda na kushuka.

"Miaka kumi na mitano," alisema mwishoni.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimemkasirikia. Unajua hiyo? Kila aliponiomba kitu, akisema nimwendeshe mahali, nimsomee barua, mimi kwa roho nilikuwa nasema, si ni wewe ulisema twende." Akapangusa kioo cha picha kwa kona ya leso, ingawa hakikuwa na kitu. "Siku zingine nilimwambia hata kwa mdomo. Na hakuniambia chochote. Alikuwa anasema tu, ni kweli, mwiitu, binti yangu, ni mimi."

Nilishika usukani. Kitu fulani kilikuwa kimetoka begani kwangu na nilikiona kikiwa mapajani mwake, pamoja na picha, na sikujua kama nilikuwa nimefanya haki au nimetua tu mzigo kwa kuwa nilichoka. Sijui hata sasa ninapoandika.

Lori lilipunguza mwendo. Mwinuko ulikuwa unafika kileleni. Mwikali aliinua uso, akatazama mgongo wa kontena, macho yamejaa maji kiasi kwamba nadhani hakuona kitu.

"Anasema nini?" aliuliza.

Sauti ilikuwa ya baba yake, mkato uleule. Nilitazama. Niliinama inchi mbili, nikatazama tena.

"Amewasha kulia," nilisema, nikaishia hapo.

Alikaa kidogo, kama anayetafuta maana mwenyewe.

"Basi ngoja," alisema.

Nikangoja. Kitu kizito kikatokea juu ya mwinuko, kikapita upande wa pili kwa kishindo, na pikapu ikatikisika yote, na fremu, na mikono yake iliyoishika.